Karavani Ikikusumbua Njiani Kimberley: Dalili, Chanzo na Cha Kufanya

Gibb River Road ni barabara ya kokoto na vumbi, kama kilomita 660 hivi, inayokata nyika ya Kimberley kaskazini kabisa mwa jimbo la Western Australia. Ilichongwa kwa ajili ya kutoa ng'ombe kwenye ranchi, na familia zenye karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, zimekuja baadaye. Tuliipita mwezi wa Julai tukitokea Darwin tunakoishi: mimi, Mama Salma, watoto wetu wawili, na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Mama alipoiona mibuyu ya kule alinyamaza kidogo, akasema hii ni ile ile. Si ile ile kabisa, lakini ni ndugu yake wa damu.

Ninaandika kwa ajili ya familia zetu zinazoishi Australia na zinazotamani safari hii. Nimepanga mambo kwa dalili, kwa sababu njiani hutajua chanzo. Utakachojua ni kwamba kuna harufu, kuna mlio, au mtoto amekuwa kimya kuliko kawaida yake. Jambo moja nalishikilia kuliko yote: simama kila baada ya saa moja, shuka, zunguka gari na karavani, na uguse kwa mkono. Dereva aliye mbele hasikii kinachotokea mita nane nyuma yake.

Karavani inayumba kama mkia wa samaki

Hii huanzia kwenye lami, kabla hata ya vumbi. Sisi ilitukuta Victoria Highway, baada ya Katherine. Lilitupita lori la matela matatu, yale yanayofika mita 53.5, upepo wake ukatupiga ubavuni, na karavani ikaanza kucheza kushoto na kulia, kila mzunguko mkubwa kuliko uliotangulia.

Ikikutokea, toa mguu kwenye mafuta taratibu na ushike usukani wima. Usikanyage breki ya gari, kwa maana gari likipungua mwendo ghafla karavani italisukuma kutoka nyuma. Kwenye dashibodi kuna kidude cha breki za umeme za karavani. Kibonyeze kwa mkono ili tela lijivute lenyewe nyuma na kunyooka.

Chanzo chake karibu kila mara ni mzigo. Uzito unaokaa kwenye kichwa cha kuvutia, pale karavani inapoungana na gari, unatakiwa uwe kama asilimia 10 ya uzito wa karavani iliyopakiwa. Yetu ina tani mbili na nusu, kwa hiyo kilo 250. Nilipopima nilikuta 140. Nilikuwa nimefunga madumu manne ya maji na tairi mbili za akiba kwenye bampa ya nyuma, na nyuma kabisa chini ya kitanda kulikuwa na kinu na mchi, maana Mama hasagi vitunguu saumu kwa mashine. Tuliyahamishia madumu juu ya ekseli, chini kabisa, tairi moja ikaenda kwenye gari, na ule mchezo ukakoma. Kama uzito uko sawa na bado inayumba, angalia upepo wa matairi ya nyuma ya gari, kisha mwendo. Zipo barabara Northern Territory zinazoruhusu kilomita 130 kwa saa. Mwenye karavani ruhusa hiyo asiitumie.

Harufu ya chuma kilichoungua, au gurudumu moja limechemka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tatizo hili ndilo linaloacha karavani nyingi kando ya barabara zimelalia ubavu.

Tulikuwa tumeshavuka mto Pentecost, tuko kwenye makunyanzi, yale mawimbi madogo ya udongo yanayotetemesha gari mpaka meno. Mama, aliyekaa nyuma kioo kikiwa wazi, akasema, "Mwanangu, simama. Nasikia harufu ya chuma." Mimi sikuwa nimesikia chochote. Nikashuka, nikagusa habu, yaani vitovu vya magurudumu, moja baada ya nyingine kwa kiganja. Tatu zilikuwa na uvuguvugu wa kikombe cha chai kilichokaa. Ya nne, kushoto nyuma, sikuweza kuishika hata kwa kuhesabu mpaka mbili.

Kipimo ni hicho. Uvuguvugu ni kawaida, na zote nne zikiwa za moto sawa baada ya mteremko mrefu, hizo ni breki tu, zipe muda. Lakini moja ikiwa na joto kuliko wenzake, hapo pana ugonjwa, na usiondoke. Mambo mawili ndiyo yanayosababisha, na tiba zake ni tofauti, kwa hiyo yatenganishe kabla ya kufungua chochote. Subiri ipoe, piga jeki, kisha zungusha gurudumu kwa mkono na usikilize. Likizunguka kwa kukwaruza kama kuna mchanga ndani, ni beringi. Likizunguka laini ila zito, linasita, hiyo ni breki imeng'ang'ania: legeza marekebisho yake kwa nyuma ya sahani ya breki na ujaribu tena. Halafu shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi imelegea au imekwisha.

Yetu ilikwaruza. Nilipotoa kifuniko, grisi haikuwa na rangi ya grisi tena. Ilikuwa imegeuka nyeupe, kama krimu ya kujipaka, na maana yake ni maji. Sili ya nyuma, ule mpira unaozuia maji yasiingie, ilikuwa kuukuu. Fundi niliyempa kazi hiyo wiki moja kabla alikuwa amebadilisha beringi akairudisha sili ya zamani. Lakini kosa la pili ni langu. Nilifika mtoni habu zikiwa za moto nikaingia moja kwa moja. Habu ya moto ikizama kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani inanywea na kuyavuta maji kupita kwenye sili. Pumzika kwanza kabla ya mto, mbali na ukingo, kwa dakika 20 au 30. Watoto wale matunda, wewe uguse habu mpaka zipoe.

Kilichotuokoa ni kopo la akiba: seti moja kamili ya beringi ya ndani na ya nje, sili, kotapini (pini inayozuia nati isilegee), grisi na matambara. Futa yote mpaka chuma king'ae, sindilia grisi kwenye beringi mpya kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili, weka sili mpya ikae wima, rudisha. Nati kaza huku unazungusha gurudumu mpaka lianze kusita, kisha irudishe nyuma kidogo mpaka lizunguke huru bila kucheza. Kotapini mpya, kifuniko, mwisho. Tembea kilomita 10, simama, gusa tena. Ilituchukua saa mbili na nusu, Salma akinishikia tochi mchana kweupe ili nione ndani.

Pancha juu ya pancha

Ukipata pancha ya pili siku hiyo hiyo, acha kuilaumu barabara. Tazama mahali ilipotoboka.

Tundu la msumari au kijiti katikati ya kashata, sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, ni bahati mbaya tu, ziba kwa uzi wa pancha uendelee. Ubavu uliochanika na jiwe kali ni upepo mwingi pamoja na mwendo mkubwa: tairi gumu haliwezi kulikumbatia jiwe, linakatwa. Tairi lililopasuka lote, waya nje, mpira umeyeyuka kwa ndani, lilikuwa na upepo kidogo kwa mwendo wa lami. Limepikika kwa kujikunja.

Namna ya kujua upepo sahihi bila kubahatisha ni hii. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi. Tembea saa moja, upime tena. Ukikuta umepanda psi (kipimo cha upepo wa tairi) 4 hadi 6 uko vizuri. Umepanda zaidi ya hapo, ulianza na upepo mdogo mno na tairi linajikunja kupita kiasi, ongeza. Haujapanda kitu, ulianza na mwingi mno. Sisi kwenye kokoto tulishusha kama robo ya upepo wa lami, kwenye gari na kwenye karavani, na mwendo tukaufunga kwenye 60. Hayo mawili hayatengani. Ukishusha upepo ukabaki na mwendo wa lami, unapika tairi kwa mikono yako. Kwa hiyo pampu ndogo ya betri ni ya lazima, maana ukirudi kwenye lami unatakiwa kujaza hapo hapo.

Tairi la karavani likipasuka, dereva anaweza asijue mpaka rimu iwe imeliwa. Vihisi vya upepo vinavyofungwa kwenye valvu na kutuma habari kwenye kioo kidogo cha dashibodi vina thamani kuliko mapambo mengine yote ya safari. Na nati za magurudumu zikaze kila asubuhi. Ukibadilisha tairi, zikaze tena baada ya kilomita 50.

Friji haipozi na maziwa yamechacha

Kwanza jua friji yako ni ya aina gani. Zile za njia tatu, zinazokula gesi, umeme wa nyumbani na betri, hazina kompresa. Zinapoza kwa moto mdogo unaochemsha amonia, na mfumo huo unadai vitu viwili: karavani isimame sawasawa, isiinamie upande, na nyuma ya friji hewa ipite. Kimberley hata katika kiangazi chao mchana unaweza kufika nyuzi 35, na hapo friji ya namna hii inahema. Egesha ubavu wenye friji upande wa kivuli cha jioni. Toa kile kifuniko cha matundu cha nje, utakuta vumbi limejaa kama unga. Lipulize. Moto ukizimika mara kwa mara au ukiwa wa manjano badala ya bluu, vumbi limeingia kwenye kichomeo. Ukiwa safarini usiitumie kwa gesi, na karibu na kituo cha mafuta kamwe. Kwa betri usitegemee ipoze kitu cha moto, hapo kazi yake ni kutunza ubaridi uliokwishapatikana.

Friji ya kompresa ugonjwa wake ni mwingine: inawaka, inajaribu, inazima, taa inapepesa. Watu hupima betri, wanakuta volti 12.6, wanaitukana friji. Pima kwenye plagi ya friji yenyewe, kompresa inapoanza kuvuta. Sisi tulikuta 11.1. Volti moja na nusu ilikuwa inapotelea kwenye waya mwembamba wa mita sita. Waya mnene zaidi, na ile friji haijazima tena mpaka leo.

Kwa wanaoingia kutoka Northern Territory: mpakani kabla ya mji wa Kununurra kuna kituo cha ukaguzi wa mimea, na matunda, mboga mbichi na asali haviingii. Mama aliacha chupa ya asali aliyoipenda sana. Pikeni vilivyopo siku moja kabla, na friji mkaijaze Kununurra.

Betri zimekufa asubuhi

Uliegesha chini ya mti? Kivuli cha tawi moja juu ya paneli ya sola kinaweza kuua sehemu kubwa ya umeme wake. Ukitaka kivuli kwa watu, toa paneli ya kubeba uiweke juani. Futa vumbi kila jioni. Kama jua lipo na paneli ni safi, gusa ile plagi nene ya kijivu inayounganisha gari na karavani baada ya saa moja ya mwendo. Ikiwa ya moto, vidole vyake vya shaba havishikani vizuri, na alteneta inapasha plagi badala ya kujaza betri. Kisha kagua fyuzi na nati za betri zenyewe, kwa maana makunyanzi hulegeza kila kitu chenye nati.

Vumbi ndani, mpaka kwenye mashuka

Karavani ikitembea inaacha nyuma yake hewa nyepesi, na hewa hiyo inafyonza vumbi kupitia kila tundu. Kuyatafuta matundu mchana ni kazi bure. Subiri usiku, washa taa zote ndani, jilaze chini ya karavani na kitambaa chako, utazame juu: palipo na mwanga ndipo vumbi linapopita. Kwetu lilikuwa bomba la maji machafu na kona ya chini ya mlango. Silikoni na sponji vikatosha. Kisha fungua kidogo tundu la paa linalotazama mbele, ili hewa iingie kwa nguvu na kulisukuma vumbi nje.

Angalizo ambalo nawaomba mlisome mara mbili. Matundu ya chini kwenye sakafu na karibu na jiko yamewekwa ili gesi ikivuja idondokee nje. Ukiyafunika kwa mkanda wakati wa mwendo, yafungue kabla hujawasha kiberiti. Watoto wanalala humo.

Pampu ya maji inanguruma bila kukoma

Funga mabomba yote. Ikiendelea, ama tangi limekwisha, ama inavuta hewa kwenye maungio. Piga magoti uangalie chini ya karavani: alama mbichi kwenye vumbi inamaanisha jiwe limekata mpira wa maji. Ndiyo maana matangi mawili yasiunganishwe bila vali kati yao, na maji ya kunywa kiasi fulani yakae kwenye madumu ndani ya gari. Tulihesabu lita 10 kwa kila mtu kwa siku, na hatukujuta.

Injini inachemka, au harufu ya majani yakiungua

Sindano ikipanda wakati wa kupanda mlima, zima kiyoyozi, washa hita mpaka mwisho hata kama mtaokwa, punguza gia. Ikikataa kushuka, simama ukiuelekeza uso wa gari kwenye upepo, injini ikinguruma taratibu. Kifuniko cha rejeta usikiguse. Baadaye angalia mbele ya rejeta: mbegu za nyasi hujaa kama blanketi. Zisukume kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, si kinyume chake.

Harufu ya majani yakiungua ni jambo jingine, na ni la dakika. Nyasi ya spinifex ina utomvu unaowaka upesi. Ukipita njia iliyoota nyasi katikati, hujikusanya juu ya ekzosi, ikakauka, ikashika moto. Usisimame kwenye nyasi. Sogea mpaka kwenye udongo mtupu, toa watoto wote wakae mbali upande wa upepo unakotoka, kisha ndiyo uchukue kizimamoto. Kila ukisimama eneo la namna hiyo, chungulia chini na uyachomoe majani kwa fimbo au waya.

Tulikuwa tunapanda safu ya milima tulipochungulia hivyo kwa mara ya tatu siku ile. Milima hiyo mwaka 1879 Alexander Forrest aliipa jina la Leopold wa Pili wa Ubelgiji, yule yule wa Kongo. Mwaka 2020 jina hilo likaondolewa, na leo ni Wunaamin Miliwundi, kwa lugha za Wangarinyin na Wabunuba, wenyeji wa asili wa pale. Jirani yetu Darwin ni mama wa Kisangani, na nilipomweleza aliniomba nimtumie picha ya kibao.

Mtoto amekuwa kimya

Mdogo wetu, Idi, hanyamazi. Siku aliponyamaza karibu na Mount Barnett, Mama Salma aligeuka na kumtazama midomo. Imekauka, kichwa kinauma, anataka kutapika, ngozi baridi na jasho. Huo ni uchovu wa joto. Kivulini, nguo zipunguzwe, kitambaa cha maji shingoni na kwapani, apepewe, na anywe kidogo kidogo yale maji ambayo kila mama kwetu anayajua: lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Baada ya nusu saa alikuwa anagombana na dada yake.

Mtoto akiwa anaongea yasiyoeleweka, anaanguka, anatetemeka, au mwili unawaka na haitiki, usisubiri nusu saa wala usimnyweshe kitu. Mwagie maji, mpepee, na uite msaada wakati huo huo. Namba ni 000. Huko ndege za Royal Flying Doctor Service, shirika lililoanza mwaka 1928, ndizo hospitali.

Simu haina mtandao na gari halisogei

Sehemu kubwa ya barabara simu ni saa tu. Beba simu ya setilaiti, au kile kifaa cha dharura kinachoitwa PLB, kilichosajiliwa. Usajili ni bure. Redio ya UHF, ile ya kuongea gari kwa gari, iwe wazi chaneli ya 40 kwenye barabara kuu, maana madereva wa malori wako hapo. Chaneli 5 na 35 ni za dharura tu. Na msiondoke kwenye gari. Gari linaonekana kutoka angani, mtu anayetembea haonekani. Inueni boneti, tandazeni turubai kwa kivuli, gaweni maji kwa saa.

Mto uko mbele

Kawaida ya mto ni kuutembea kwa miguu kwanza ili kujua kina. Pentecost usifanye hivyo, mna mamba wa maji chumvi. Subiri mwingine avuke, tazama maji yanamfika wapi, soma kipimo kilichopo kando. Watoto wakae mbali na ukingo, si chini ya mita 5, na kambi iwe mita 50 au zaidi kutoka majini. Kioo wazi, mkanda umefungwa, gia ya chini, mwendo wa mtu anayetembea haraka, na usibadilishe gia katikati.

Kama kibao kinasema barabara imefungwa, imefungwa. Januari 2023 mafuriko yalilivunja daraja kubwa la Fitzroy Crossing, na lililojengwa mahali pake lilifunguliwa Desemba mwaka huo. Masika ya kule ni kuanzia Novemba hadi Aprili, na hata Mei barabara nyingine bado zina tope. Sisi tulipita Julai, na Pentecost ilitufika katikati ya gurudumu tu. Mama alivuka ameshika tasbihi, macho wazi, akihesabu mamba watatu upande wa kulia. Mimi sikuona hata mmoja.